Mguu, Fimbo, Kimya

Kaka Haga hakusema hapana. Katika nyumba ile watu hawakusema hapana. Walivuta hewa kwa meno, wakainamisha kichwa upande, wakasema jambo lina ugumu kidogo, kisha wakakuachia wewe mwenyewe kazi ya kujikatalia.

"Walzi yako imetugusa, Chizuru," alisema. "Imetugusa kweli kweli. Ila hapa kwenye pigo la tatu, sijui niseme nini, pana ugumu kidogo."

Chizuru Komiyama alikuwa amepiga magoti mwisho wa meza, karibu na mlango, palepale alipokaa siku ya kwanza alipoingia katika nyumba hii ya Kamakura akiwa na miaka ishirini na saba. Sasa alikuwa na hamsini na tisa. Alikuwa amefundisha muziki katika chuo cha wasichana mpaka nywele zimeanza kuwa nyeupe, na bado nafasi yake ilikuwa ya mlangoni, na birika la chai lilikuwa lake, kwa sababu baada yake marehemu Mwalimu Usami hakumpokea mwanafunzi mwingine. Wanafunzi wa Mwalimu walihesabiana kama watoto wa tumbo moja. Haga, mzee wa miaka sabini na mitatu, ndiye aliyekuwa kaka mkubwa, na kaka mkubwa akisema pana ugumu, basi pana ugumu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kwenye madhabahu ya nyumbani, ndani ya fremu, amewekewa machungwa mawili na anatabasamu. Alifariki Novemba ya mwaka uliopita. Hii ilikuwa Septemba, na kikao kilikuwa cha kupanga tamasha la kumkumbuka atakapotimiza mwaka. Kila mmoja wa wanafunzi wake wanne alitakiwa kuleta walzi fupi ya kwake, na mwishoni okestra ingepiga walzi ya Mwalimu, ile iliyompa jina mpaka Vienna.

Walzi ni dansi ya Wazungu, na Mwalimu aliifuata kwao ujanani, akarudi na koti refu na mazoea ya kunywa kahawa saa kumi. Ina mapigo matatu, moja zito la chini na mawili mepesi ya juu: bum, pa, pa. Katika walzi ya Mwalimu Usami pigo la tatu halipo. Ni bum, pa, halafu hakuna kitu, halafu bum tena, na watu sitini wenye ala zao wanashikilia pumzi kwa pamoja kila mara. Wahakiki waliandika kwamba hatimaye Mjapani ameichukua dansi ya Ulaya na kuifundisha kunyamaza. Mwalimu aliishi kwa maneno hayo miaka thelathini na moja. Alitoa mihadhara juu ya kimya. Aliandika kitabu juu ya kimya, na kujaza kurasa mia nne kwa habari za kunyamaza si mchezo.

Tatizo ni kwamba kimya kile hakikuwa chake. Kilikuwa cha mzee Komiyama, baba yake Chizuru.

Mzee Komiyama alikuwa mchimba makaa ya mawe kule Tagawa, Kyushu, na kigari cha makaa kilimponda mguu wa kushoto Chizuru akiwa na miaka sita. Tangu hapo akatembea kwa fimbo. Alikuwa mtu wa kiburi asiyetaka kuonewa huruma, kwa hiyo aliufundisha ule mguu mbovu usiburuzike. Aliuinua, akaupitisha hewani, akautua taratibu kiasi kwamba hukuusikia. Akirudi kutoka kazini kupitia kibaraza kirefu cha mbao cha nyumba za wachimbaji, ulisikia mguu mzima, ukasikia fimbo, kisha ukasikia pengo. Mguu, fimbo, kimya. Mguu, fimbo, kimya. Hapo mama alifunua sufuria na kuanza kupakua wali, na Chizuru akapanga vijiti mezani. Wachimbaji wenye fimbo walikuwa wengi, lakini lile pengo ndilo lililowaambia kwamba ni yeye na si jirani.

Alikufa kwa mapafu, miaka miwili kabla Chizuru hajaingia kwa Mwalimu. Mwaka alioingia, 1987, okestra moja ya Tokyo ilikuwa imeagiza walzi. Mwalimu aliandika wimbo wa juu na sauti ya chini kwa penseli, na katikati akaacha peupe ili wanafunzi wajaze. Kazi zote zilifanyika hivyo pale, wala hakuna aliyeona ajabu. "Jaza," alimwambia Chizuru, akampa kurasa arobaini, akaenda kujilaza na homa yake.

Walzi ilikuwa tamu ya kukinaisha, kama keki ya krimu. Chizuru alijaza pigo la pili, akafika kwenye la tatu, mkono ukagoma. Asisingiziwe ushujaa, hakuwa nao. Alimkumbuka baba yake, basi, akaliacha pigo la tatu peupe ukurasa mmoja, halafu wa pili, halafu zote arobaini. Alipomaliza ndipo hofu ikamshika, na siku ya kukabidhi ilikuwa imeshafika.

Hapo alitakiwa mtu mmoja tu aulize. Mnakili wa nota aliona mapengo, akadhani ndivyo Mwalimu alivyotaka. Kumuuliza mtu mkubwa kama amesahau kitu ni kumtukana. Kiongozi wa okestra akadhani vivyo hivyo. Wapigaji sitini wakadhani vivyo hivyo. Wakafanya mazoezi siku tatu wakikihesabu kimya kile kwa heshima zote, na Mwalimu kitandani hakusikia hata nota moja mpaka siku yenyewe, alipoketi safu ya pili na koti lake. Chizuru alikuwa nyuma yake. Aliiona shingo ya Mwalimu ikiwa nyekundu, kisha ikawa nyeupe. Muziki ukaisha, ukumbi ukatulia tuli, halafu watu wakasimama wote kwa makofi na vifijo. Mwalimu naye akasimama, akafunga kifungo cha koti, akapanda jukwaani kuinama.

Hakumwambia Chizuru neno, siku ile wala siku nyingine. Julai iliyofuata likaja tikiti. Lilikuwa tikiti la kifahari, lenye ganda la wavu, ndani ya sanduku la mbao lililofungwa utepe. Sasa, mwanafunzi ndiye anayempelekea mwalimu zawadi ya kiangazi, na hajawahi kuonekana mwalimu wa kumpelekea mwanafunzi. Kila Julai likaja jingine, thelathini na moja kwa jumla, na kila Julai Chizuru akalikata akalila. Yalikuwa matamu, hilo nalo lisemwe. Miaka hiyohiyo Mwalimu alimpigia simu mkuu wa chuo akampatia kazi, akamwandikia barua za kumsifu, na Chizuru akameza tikiti pamoja na maneno yake.

Kitu kimoja tu alijiapia: mama yake asiisikie hatua ile ya baba chini ya jina la mtu mwingine. Mama Toyo alikuwa mbali, Kyushu, mpenzi wa nyimbo za redioni za mapenzi na machozi, hana habari na okestra, kwa hiyo haikuwa kazi. Alipokuja kuishi na bintiye Tokyo, miaka minne iliyopita, Chizuru alikuwa akiruka kuzima redio kila walzi ile ilipoanza. Mama angeisikia siku itakapopigwa kwa jina la Komiyama. Sasa Mama Toyo alikuwa na miaka themanini na sita, sikio la kulia limekufa kabisa, na daktari alikuwa amesema la kushoto halitafika majira ya machipuo. Ndiyo sababu Chizuru aliandika kwa ajili ya tamasha walzi ya dakika sita, mguu, fimbo, kimya, toka mwanzo hadi mwisho. Na hiyo ndiyo iliyokuwa mbele ya Kaka Haga, na ugumu wake kidogo.

"Ugumu gani, Kaka?" aliuliza, japo alijua.

"Watu watasema unamuiga marehemu. Tena siku ya kumbukumbu yake! Mtu mzima, sitini inabisha hodi, bado umening'inia kwenye koti la Mwalimu. Tunakuonea huruma, mdogo wangu. Litie pigo la tatu, yaishe. Hafifu tu. Fidla za pili, pa, kitu kidogo."

Wanafunzi wale wengine wawili waliinamia vikombe vyao.

"Kaka Haga," Chizuru alisema, "unajua ni nani aliyelitoa."

Hakuna aliyeshtuka, na hilo ndilo lililomkata maini. Neno lile alikuwa amelibeba miaka thelathini na miwili kama bomu. Amelitupa mezani, na watu wanaendelea kutafuna biskuti za mchele.

"Najua mimi peke yangu?" Haga alisema. "Muulize huyu. Muulize na yule. Tikiti la sanduku kila mwaka kwa mtoto wa mlangoni, kwani sisi vipofu? Simfonia ya pili, fidla zote ni mkono wangu, zote, na sijaletewa hata tango. Wewe ulipewa chako, dada. Ulipewa kuliko sisi sote."

"Nilikuwa nayachagua mwenyewe," alisema mjane, Mama Usami, kutoka upande wa madhabahu. Sauti yake ilikuwa ya upole mtupu. "Nayanusa moja moja. Mume wangu alikuwa akiniambia, la Chizuru hakikisha limeiva."

"Mama, kwa hiyo hata wewe ulikuwa..."

"Chai ya Haga imeisha, Chizuru."

Na Chizuru akainua birika, akammiminia. Hilo lilimuuma kuliko yote yaliyosemwa, kwamba mkono wake uliinuka wenyewe, wala haukumwaga hata tone.

Haga alikunywa kwanza. "Ukitaka kuiondoa, iondoe," alisema. "Tutasema unaumwa, hakuna atakayekulaumu. Lakini ikipigwa kama ilivyo, kisha ya Mwalimu ifuate, mwenye masikio atauliza nani alianza. Tutamjibu nini, na Mama huyu amekaa pale mbele?"

"Jibuni ukweli."

"Ukweli," Haga alisema, akacheka kidogo, na wale wawili wakacheka naye kwa adabu. "Ukweli umeshakula matikiti, mdogo wangu."

Alirudi nyumbani kwa treni amesimama, ingawa viti vilikuwepo. Mama Toyo alikuwa sebuleni anatazama mieleka, televisheni inanguruma mpaka vioo vinatetemeka.

"Wamesemaje wakubwa zako?" alipiga kelele.

"Wameipenda, mama."

"Si nilisema! Nimeshamwambia yule wa saluni, na muuza tofu pia. Amesema siku hiyo atafunga duka, mwongo yule. Nimetoa na kimono ile ya kijivu, kiuno kimebana lakini nitajikaza. Na nikae mbele, umesikia? Nikikaa nyuma nitasikia vikohozi vya watu tu." Akapunguza televisheni, jambo lisilo la kawaida. "Ulisema kuna kitu changu ndani. Kitu gani? Kama umeimba upishi wangu, sema mapema nijiandae kwa aibu."

"Utakijua mwenyewe ukikisikia."

"Haya masikio yenyewe haya. Ongeza sauti basi, usiwe bahili."

Angeweza kuiondoa. Alilifikiria hilo siku mbili, tena kwa raha, jinsi atakavyomwandikia Haga barua ya mistari mitatu. Lakini baada ya barua ingekuwaje? Mama angebaki na kimono yake kabatini, machipuo yangefika, na sikio la kushoto lingeondoka. Hakukuwa na okestra nyingine inayomngoja Chizuru Komiyama. Kwa hiyo akaanza kujishawishi. Mguu bado upo, alijiambia, na fimbo bado ipo. Nikilifanya lile pigo la tatu dogo kabisa, la kunong'ona, mama atamsikia baba kwa chini. Ameishi na hatua ile miaka kumi na tisa, hawezi kuikosa. Mtu akiwa na penseli mkononi na woga kifuani hakosi la kujiambia.

Akaketi mezani asubuhi moja, akaanza kujaza. Mapengo yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Aliyahesabu bila kutaka. Kila pengo alilitia nota mbili ndogo za fidla za pili, na kila alipotia alisikia kabisa kwamba anamvisha baba yake mguu wa bandia, kisha akaenda kwenye pengo linalofuata.

"Unakwaruza nini humo tangu asubuhi?" mama aliuliza kutoka jikoni.

"Najaza, mama."

"Jaza vizuri. Usije ukawapa watu kitu nusu."

Tamasha lilikuwa Jumapili ya pili ya Novemba, saa nane mchana. Kwenye ukumbi wa kuingilia walisimamisha picha ya Mwalimu kubwa kuliko mtu, ikazungushiwa maua meupe ya krisanthemu, na chini yake Mama Usami na Kaka Haga wakawa wanapokea wageni, wanainama, wanainuka, wanainama. Mama Toyo aliinama kwao mara nne, akiwashukuru kwa kumlea binti yake. Akapewa kiti safu ya mbele, pamoja na jamaa za wanafunzi. Aliketi wima kando ya Chizuru, mkoba mapajani, sikio lake zima amelielekeza jukwaani.

Walzi ya Chizuru ilikuwa ya tatu. Fidla zilipoanza tu alijua. Bum, pa, pa. Kiongozi alikuwa kijana stadi, na fidla za pili zililipiga pigo la tatu kwa ulaini wote alioandika, lakini lilikuwepo, na kuwepo kwake ndio mwisho wa habari. Baba yake alipita jukwaani kwa miguu miwili mizima, kama jirani yeyote. Chizuru alimtazama mama kwa pembe ya jicho. Mama Toyo alikuwa anatikisa kichwa kwa furaha, na kutikisa kwenyewe hakukufuatana na muziki.

Makofi yalikuwa mengi. Mama alipiga mpaka mkoba ukaanguka.

"Nzuri!" alisema, kwa sauti ya mtu asiyejisikia. "Safi sana. Inafanana na ile wanayopiga pale dukani kwenye ngazi za umeme."

"Ahsante, mama."

"Na kile kitu changu?"

"Kilipita."

"Kilipita?" Uso wa mama ulinywea. "Basi nimekikosa. Lo! Nimesikiliza kwa nguvu zote, Chizu, nikakikosa." Akamshika bintiye mkono kama anayemwomba radhi, na Chizuru akaona heri ardhi ipasuke.

Wakati wa mapumziko, mhakiki wa gazeti moja alimsimamisha kwenye korido. Alikuwa na uso wa mtu anayetoa zawadi. "Bi Komiyama, pongezi," alisema. "Kusema kweli nilikuwa na wasiwasi. Nilidhani utatuletea tena kile kimya cha Mwalimu. Kumbe hatimaye tumeisikia sauti yako mwenyewe." Chizuru aliinama, akamshukuru.

Akarudi kwa mama. Sasa lilikuwa limebaki jambo moja tu la kuokoa, kumtoa mama nje kabla ya walzi ya mwisho.

"Mama, twende zetu. Umechoka."

"Nani amechoka?"

"Kiuno kinakubana, umesema mwenyewe. Tukapate supu ya tambi hapo stesheni."

"Na Mwalimu wako bado hajapigwa?" Mama alimkazia macho. "Tumekaa mbele, watu wote wanatuona, tunyanyuke marehemu anapoingia? Aliyekutafutia kazi? Nenda wewe na tambi zako. Mimi nimelelewa."

Mlango ukafungwa, taa zikapunguzwa, na okestra ikainua ala.

Bum, pa.

Mama Toyo alikaa hivyohivyo kwa mapigo machache, adabu usoni. Halafu kichwa kikainuka. Ukafuata mguu, fimbo, kimya, na tena mguu, fimbo, kimya, na mkono wake mkavu ukamkamata Chizuru kwenye kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo.

"Huyo anakuja," mama alisema, na safu nzima ikasikia.

"Mama, shh."

"Baba yako. Yuko kibarazani." Alikuwa ameachama mdomo. Mguu wake mmoja, ndani ya soksi nyeupe, ulikuwa unaanza kunyanyuka wenyewe kwenda jikoni. "Msikie! Msikie anavyouinua. Mjinga yule, na kiburi chake. Wali haujaiva, Chizu, sijapakua hata..." Kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti, na hakuyafuta mpaka mwisho wa walzi, na hakuuachia mkono. Chizuru alilia pia. Kwa dakika kumi na moja walikuwa naye mle ndani, wote wawili, na alikuwa yeye kabisa, mlemavu wao, na kwa muda ule Chizuru alisahau ni jina la nani lililoandikwa juu ya karatasi.

Watu walipoanza kutoka, Mama Toyo alimvuta hadi ukumbi wa kuingilia, moja kwa moja mbele ya ile picha kubwa. Mama Usami na Haga walikuwa bado wamesimama pale, wanawaaga wageni. Mama aliitazama picha muda mrefu.

"Alimjua baba yako?" aliuliza.

"Hapana, mama."

"Basi ulimhadithia."

"Hapana."

"Sasa alijuaje?" Mama alitikisa kichwa kwa mshangao. "Mtu mkubwa kama huyu, wa makoti na Ulaya, akamsikia mchimba makaa asiyemjua. Huyu hakuwa mtu wa kawaida, Chizu. Na wewe miaka yote hukuniambia." Akaweka mkoba chini, akaunganisha viganja, akaiinamia picha mpaka mgongo ukawa bapa.

Kitu kilichokuwa kimekaa kifuani mwa Chizuru tangu usichana kikapanda chenyewe. Hakunong'ona, maana mama asingesikia.

"Mama, ile niliandika mimi. Kile kimya ni changu. Mimi ndiye niliyemweka baba mle ndani."

Watu wawili watatu waligeuka. Haga akavuta hewa kwa meno. Mama Usami aliendelea kutabasamu vilevile, hata nukta haikusogea.

Mama Toyo alinyanyuka taratibu. Akakifungua kijitabu cha ratiba, akakisogeza karibu na macho, akaweka kidole. "Usami Takeo," alisoma. "Imeandikwa hapa. Ya kwako ni hii ya juu, Komiyama Chizuru. Nimeisikia, ilikuwa nzuri."

"Mama, nisikilize..."

"Marehemu wa watu!" Sauti ya mama ilipasuka, na aibu ilikuwa imempanda mpaka masikioni. "Mbele ya mkewe! Amekufundisha, amekutafutia kazi, amemkumbuka na baba yako, na wewe unamwibia akiwa kwenye picha? Baba yako alikufa na mguu mmoja mzima, hakuwahi kuchukua hata kipande cha makaa cha mtu!"

"Kaka Haga," Chizuru alisema, "mwambie."

Haga alitazama krisanthemu. "Ni msiba," alisema kwa upole. "Msiba unatuchanganya sote."

Mama Toyo alikwisha kumgeukia mjane. "Mumsamehe," alisema. "Ni mtoto wangu wa pekee, nimemdekeza mwenyewe, kosa ni langu." Na akafanya kama mama wa kule kwao wanavyofanya mbele ya jirani, mtoto akiwa ametenda ubaya: akamwekea bintiye mkono kisogoni, akamkandamiza kichwa chini.

Mkono ule haukuwa na uzito wa kijiko. Chizuru angeweza kuutoa kwa kuinua shingo tu. Alisikia vidole vya mama yake kwenye nywele zake, akainama. Mama naye akainama pembeni yake, na wakakaa hivyo, vichwa chini, mpaka Mama Usami aliposema inatosha.